Kristali Kutoka Saa ya Mama

Kaka yangu alikuwa ameshanunua kitanda. Kiliegemezwa ukutani katika nyumba yake ya Kitengela, nailoni bado haijatolewa, kikimngoja mama. Kiangazi hicho tanki la mama kule Mashuuru lilikuwa limekauka, ng'ombe wakalala na kiu, na kaka akatoa hukumu: likikauka tena, ng'ombe watauzwa na mama ahamie mjini. Mama akanipigia. "Mimi niishi ghorofani nikitazama nguo za watu zikikauka? Sitaki." Nikamwambia atulie, mimi niko.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, na niko na kibanda karibu na stendi. Nikaunda kifaa: kipimo cha maji tankini, chipu ndogo ya kukisoma, laini ya simu na betri. Kila alfajiri kingenitumia ujumbe ili niagize maji kabla boza, lori la kuyauza, halijaondoka mjini, maana dereva wake akishashika njia nyingine humrudishi hata ukilia.

Betri ikafa kabla wiki haijaisha. Nikakigombeza kifaa weee, kisha nikajiangalia mwenyewe. Chipu ilikuwa inakesha. Ndani yake kuna saa ya kasi, inayodunda mara mamilioni kwa sekunde, nami nilikuwa nimeiacha ikidunda kutwa kucha kwa kazi ya dakika moja. Isitoshe, kulikuwa na taa ya kijani niliyoiweka kwa ombi la mama.

"Kitu kikinyamaza kabisa," alisema, "nitajuaje hakijakufa?"

Nikamweleza kwamba sasa kitalala kikifuata saa ya polepole, inayokula umeme kiduchu tu, kisha kiamke, kipime, kilale tena. Akatazama zizini. "Kama ng'ombe anayecheua amelala." Nikasema ndivyo hasa, nikaikata taa yake. Alininunia mpaka chai ikapoa.

Saa ya polepole niliyotumia ni ile inayokuja ndani ya chipu yenyewe, ya bure. Kibandani kwangu kwenye kivuli ilienda sawa. Mashuuru, chini ya bati nililokifunikia kifaa, joto likaipotosha. Makosa madogo yakajumlika siku baada ya siku, na ujumbe wa alfajiri ukaja saa nne, tanki limebaki matone na boza limeshaenda Kajiado. Jirani alitugawia maji, ng'ombe wakanywa, na kaka hakuambiwa.

Nikaenda Mashuuru na vifaa vyangu na hasira zangu. Dawa niliijua: kristali ya saa, kijiwe kinachotunza mapigo yake, ambacho joto halikiyumbishi ovyo. Nilikuwa nimeiacha kibandani, mjinga mimi. Nikiwa nimeketi hapo najilaumu, nikaiona saa ya ukutani ya mama, ya betri, yenye kristali kama hiyo ndani, zawadi ya harusi yake. Meno yake ya ndani yalikatika zamani, na hakuna aliyeruhusiwa kuitupa.

"Mum, naomba niifungue."

"Umekata taa yangu, sasa unataka saa yangu?"

"Itafanya kazi tena. Sema tu haitakuwa ukutani."

Akaiteremsha mwenyewe, akaifuta vumbi kwa leso, akanipa. Nikatoa kristali yake, ndogo kama punje ya mchele, nikaichomelea kando ya chipu. Mama alinishikia tochi.

Mvua ilichelewa sana mwaka huo. Ujumbe haukuchelewa. Kila alfajiri ulifika, betri ileile, na maji yakipungua boza lilikuwa mlangoni mwa mama kabla ya jua kali. Niliimba kibandani mpaka wateja wakaniuliza kama nimechumbiwa.

Mwishowe kaka akalalamika kwamba kitanda kinamjazia sebule. "Kilete huku," mama akamwambia. "Ukija kunitembelea unakimbia jioni, eti hakuna pa kulala." Kaka akakipakia kwenye pikapu, akakipeleka, akafika jioni.

Kesho yake alfajiri ujumbe ukaingia: maji yapo. Nikampigia mama nikimtania kwa sauti kubwa kwamba saa yake ya harusi imeamka.

"Ongea polepole," akaninong'oneza. "Mtoto bado amelala."