Mlima Mweupe wa Tata Warigia

Usimwulize tata Warigia habari za theluji. Atakujibu, "Ilikuwa baridi," basi. Ni dada ya baba yangu, na asiyoyasema yeye nitayasema mimi.

Alikuwa yaya kwa mlowezi wa kahawa hapa Ruiru. Mwisho wa mwaka wa hamsini na nne, wakati Mkikuyu havuki hata kijito bila pasi, memsahibu alimchukua mpaka Uswisi amshikie mtoto, wao wakacheze kwenye barafu. Cucu Ngendo, mama yake, alikuwa mgonjwa huko Gatuanyaga. Kila asubuhi cucu aliuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, akainua mikono. Tata alipokwenda kumuaga, cucu alimwambia, "Ngai, Mungu wetu, hukaa penye weupe wa mlima. Ukiuona mweupe huko, niombee nipone. Usiache, maitu, binti yangu."

Mji waliofikia ulikuwa wa kale, una kanisa la mawe na nyumba zilizochorwa maua ukutani. Wageni walipiga picha, tata akawashikia kofia. Nyuma ya mapaa palikuwa na mlima mweupe toka kileleni hadi chini, akaona hapa Ngai ana nafasi tele. Kila kulipokucha alisimama nyuma ya hoteli, mikono juu, vidole vikafa ganzi, akamwombea mama yake.

Krismasi wakampeleka huko huko juu. Akakuta watu wamejifunga mbao miguuni, wanateleza, wanaanguka chali, wanacheka. Mtoto wa memsahibu akakojoa pale pale, theluji ikawa manjano. Tata alitazama tu. Mwenye nyumba angekuwemo, si angewafukuza? Kesho yake hakuinua mikono.

Aliporudi Gatuanyaga alikuta kaburi.

"Alienda lini?" akauliza.

"Baada ya Krismasi," baba akasema. Baba hana breki za ulimi, alidhani anafariji. "Alikuwa amepata nafuu, hata uji alikunywa. Halafu akazidiwa. Lakini hakuogopa, Warigia. Alisema wewe uko kwa Ngai mwenyewe, huwezi kumsahau."

Tata hakulia. Mimi, mtoto niliyekuwa nimesimama kando ya baba, nilimkasirikia, nikasema moyoni kwamba baridi ya Wazungu imemwingia.

"Niliacha kumwombea," akasema, kwa sauti ya mtu anayeitisha chumvi.

Asubuhi iliyofuata Kirinyaga ulionekana wote, bila wingu. Tata alitoka na kigoda chake, akakigeuza, akakaa akiupa mgongo, akaanza kuchambua maharagwe.