Gurudumu la Mkiani

Yule mpiga bunduki wa mkiani mwa ndege alikuwa na mikono ya kunyongea kuku na sauti ya shemasi. Kila yeye na wenzake wakienda kupiga mabomu Ujerumani, kabla hajapanda ndege analikojolea gurudumu la nyuma, taratibu, huku anapiga mluzi. Anasema bila hivyo hawarudi. Wilf, fundi wa ndege hiyo, alikuwa hapendi hata kidogo.

"We bwege, mpira unaoza huo."

"Tukidondoka, bwana fundi, utauhitaji wa nini?"

Jioni moja mkuu wa kambi akaja kuwaaga, akasimama palepale kwenye gurudumu. Mpiga bunduki akaona haya, akapanda bila kumwaga hata tone. Wilf akamwona kule nyuma ya kioo, midomo inamcheza. Vijana saba mle ndani. Wilf akatema mate, akafungua suruali, akalikojolea yeye, mkuu kakodoa macho.

Alfajiri ndege ikarudi imetoboka kama chekeche, inaburuza mkia, gurudumu la nyuma limeng'oka lote. Saba wakashuka wazima. Mpiga bunduki akamfuata Wilf, akamkagua juu mpaka chini.

"Ulikojoa kidogo, mshenzi wewe."