Mkurugenzi Jovita na Jina la Baba

Cheo cha ukurugenzi Jovita alijipa mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa sayansi kimu kule Buzebazeba, na siku alipochoka kuona wanafunzi wake wanashona vitambaa vya kufunikia redio na kuishia hapo, alichukua chaki akaandika mlangoni pake: Mkurugenzi, Tamasha la Ubunifu Kigoma. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tamasha lenyewe lilikuwa bado halijazaliwa.

Alilianzishia Katonga, kwenye mchanga ambako akina mama huanika dagaa, na hapo ndipo alipoonja utamu wa cheo. Alitandika mikeka, akapanga vyungu na viti vya kuchonga bila kumwomba mtu ruhusa. Wenye dagaa walipofika na mabeseni vichwani, wakakuta uwanja wao umegeuzwa sebule, hawakuuliza mara mbili. Vyungu vilipigwa mateke, mikeka ikatupwa ziwani, na mama mmoja wa miraba minne akamtandika Jovita kafi la mtumbwi mdomoni. Meno mawili ya mbele yakamtoka. Jovita naye akamng'ata yule mama mkono kwa yaliyobaki, asiachie mpaka alipovutwa na watu. Mwaka uliofuata alirudi na pengo lake, akaomba ruhusa kwa adabu, na mteja wa kwanza wa chungu akawa mama yule yule, kovu la meno likiwa bado mkononi.

Miaka hiyo vita vya ng'ambo vilikuwa vinamwaga watu huku kila kukicha. Wengine walivuka ziwa, wengine walikuja kwa miguu, na wote walipelekwa makambini. Jovita alikwenda huko kuwatazama mikono. Akawaona wafumaji wa Kirundi na vikapu vyao vya mifuniko iliyochongoka, akarudi mjini ametangaza kwamba tamasha ni la kila mwenye kazi nzuri. Vijana wa mjini hawakupenda. Siku kikapu cha mkimbizi kilipopewa zawadi, walivirushia vibanda mawe, na moja likampasua Jovita juu ya jicho. Alimalizia kugawa zawadi damu ikimtiririka mpaka kidevuni, maana alikuwa na kichwa kigumu na alijivunia hicho.

Mwenye kikapu kile aliitwa Eufrasia. Alikuwa mjane kijana, na mgongoni alikuwa na binti mchanga, Wema. Alimwita Jovita dada Mwalimu, naye Jovita akamwita mdogo wangu, na kila Eufrasia alipopata kibali cha kutoka kambini alilala kwake Buzebazeba.

Ni huko Buzebazeba, wakichambua maharage, Eufrasia alipomweleza yaliyompata. Watu wenye mapanga waliingia nyumbani kwa baba yake, Gervasi, wakaua kila waliyemkuta. Yeye alikuwa migombani, akaziona sura zao zote. Wao hawakumwona, ila walijua kuwa binti mmoja wa Gervasi amepona. Sasa baadhi yao walikuwa makambini, wakimbizi kama yeye, wakimtafuta huyo binti asije akawataja, wala asibaki mtu wa damu ya Gervasi wa kuja kulipiza. Kwa hiyo kambini alikuwa Eufrasia tu, hana baba, hana kilima alikotoka. Jovita alilia siku ile, akaapa kulinda siri.

Na alikusudia kuilinda. Lakini tamasha lililofuata aliamua kila fundi akae mbele na kazi yake, afume watu wakiona. Eufrasia akakubali kwa sharti moja, kwamba atajwe kwa jina lake tu. Wema akaachwa Buzebazeba kwa bibi, mama yake Jovita.

Hapa inabidi kumwelewa Jovita. Alikuwa Muha wa nyumba ya heshima. Tangu utoto alifundishwa kwamba mtu hatambulishwi mkono mtupu: unamtajia baba yake na kwao, la sivyo umemfanya kama kitu kilichookotwa njiani. Mwenyewe alianza kila tamasha kwa kusema, "Mimi ni Jovita binti Pastory, wa Buzebazeba." Siku hiyo aliwataja mafundi wote hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, watu wakishangilia. Alipofika kwa Eufrasia, akamwona ameinama juu ya kikapu kizuri kuliko vyote, roho ilimwuma kumpitisha kama mtoto asiye na kwao. Ulimi ukaponyoka. Kipaza sauti kikamtaja binti Gervasi, kikataja na kilima.

Eufrasia aliinua uso.

Mwanamume mmoja alisogea mbele, ameshika furushi la kitenge, akamwamkia Jovita vizuri kabisa. "Samahani, Mwalimu, umesema kilima gani?"

Na Jovita, mdomo bado una utamu wa makofi, akamtajia tena.

Kitenge kilianguka chini, panga likabaki mkononi. Eufrasia alimtambua, akainua kikapu kujikinga. Pigo la kwanza likakata mfuniko na vidole pamoja. La pili lilimwingia shingoni. Jovita alinyakua mchi uliokuwa umeletwa kwa maonyesho, akampiga yule mtu kichwani kwa nguvu zake zote, akampiga tena alipoanguka, akaendelea kumpiga watu walipokwisha kumzunguka kwa mawe na makafi. Mtu huyo alikufa kabla askari hawajafika. Eufrasia alikuwa ametangulia, kichwa chake mapajani mwa Jovita, damu ikilowesha mikeka. Waliokuwa nyuma walisema yule mtu alikuja na wenzake, nao walipotelea ndani ya umati.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Watu walikuja wengi, wa mjini na wa kambini, na nyuso nyingi Jovita hakuzijua. Alisimama karibu na kaburi, Wema mgongoni mwake, mama yake pembeni. Hakuwa amelala. Alijichukia waziwazi, na kila aliyempa pole alimwambia kwamba ni yeye aliyemwua.

Katekista Leodgar alimgeukia, akauliza kama desturi ilivyo. "Marehemu ni binti wa nani, na kwao wapi?"

Huko nyuma wanaume fulani walinyoosha shingo wasikie, wakimtazama mtoto zaidi ya jeneza. Jovita aliwaona. Akamwinua Wema vizuri mgongoni, akakaza nguo.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Jana ulimi wangu ulikosea. Eufrasia binti Pastory, wa Buzebazeba. Na huyu ni mjukuu wa Pastory."

Mama yake, aliyejua amezaa wangapi, alikubali kwa Kiha, "Ego." Leodgar, ambaye watoto wote wa Pastory walifundishwa komunyo na yeye, alimtazama Jovita kidogo, kisha akalitangaza jina kama alivyopewa, na watu wakaanza kutupa udongo.