Maji Niliyoyameza

Mimi si mtu wa kuogopa. Nimekata mkonge Ngombezi ndevu hazijaota, nyoka wamelala kwenye mistari na miiba haina huruma na jicho la mtu. Shule niliiacha darasa la tatu. Gereji ya Segera na nyumba ya Old Korogwe nimezijenga mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Lakini siku niliyompeleka binti yangu kwa mjomba wake Handeni, niliendesha pikapu mikono ikitoka jasho mpaka usukani ukawa unateleza.

Binti alitaka utawa. Alipomaliza kidato cha nne akaenda kukaa kwa masista, "njoo uone" wanaita wenyewe, akarudi, akaenda tena. Nilidhani ni mambo ya ujana, yatapita kama yanavyopita ya nywele na viatu. Hayakupita. Mwisho sista mlezi akaja nyumbani, mtu mpole mwenye miwani, akakaa kwenye kochi langu, akanywa soda, akaniuliza uso kwa uso: "Mzee, binti yako anasema anasikia mwito. Hatumpokei kabla ya kusikia nyumbani wanasemaje. Wewe unasemaje?"

Mtoto ni huyo mmoja tu Mungu aliyenipa. Nikajibu haraka haraka: "Sista, marehemu mama yake alikuwa Mzigua. Kwa Wazigua mwenye mtoto ni mjomba. Akiridhia mjomba, mimi nani?"

Binti aliniangalia, akakusanya glasi. "Sawa, baba. Bila radhi ya mjomba siendi."

Nilijua ninachokitegemea. Shemeji yangu ni Mwislamu wa swala tano. Nilimwoa dada yake, akabatizwa, na alipofariki nikamzika Korogwe, makaburi ya kanisa. Leo nimpelekee mtoto wa dada huyo huyo, nimwambie hataolewa, hatazaa, tumbo la dada yako linaishia hapa? Atakataa tu. Hapo ndipo hofu ilipokuja na vichwa viwili. Akikataa kwa hasira anaweza kutamka neno baya, na neno la mjomba si la kuchezea. Asipokataa, mtoto amekwenda.

Tulimkuta uani anapukuchua mahindi. Aliiona pikapu, hakuinuka.

"Karibu, manamba," akasema. Babu yangu alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, kibarua wa namba, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani, basi ananiita hivyo tangu siku ya posa. "Umeleta kitu au umekuja kuomba tena?"

"Nimeleta sukari, mchoyo wewe. Na majani ya chai, maana kwako mgeni hupewa maji ya moto akaambiwa ndiyo chai."

Alicheka. Mimi nilijaribu, kicheko kikakwama. Akaona. "Mtani hacheki. Leo kuna jambo."

Binti alipiga goti, akaamkia, akasema yote bila kumung'unya maneno. Mjomba hakuacha kupukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo, na kila ikianguka moja mimi nashtuka.

"Wakikuchoka wakakufukuza?"

"Nitarudi hapa, mjomba."

"Ukiugua?"

"Masista wenzangu wataniuguza."

"Ukifa?"

"Watanizika."

"Huko huko?"

"Huko huko."

Akalitupa gunzi mbali. Nikasema moyoni, sasa neno baya linakuja.

"Mama yako naye alikwenda huko huko," akasema. "Nililia. Lakini kila Idi alikuja hapa na wewe mgongoni. Hakunitupa. Wewe utanitupa?"

"Sitakutupa. Nikipewa likizo nakuja."

"Na hicho kitambaa cha masista kichwani?"

"Nitakuja nacho."

"Afadhali. Wasichana wa siku hizi wananijia hapa vichwa wazi."

Akaagiza bakuli la maji. Kwao radhi hutolewa hivyo: mzee hujaza maji mdomoni, humwombea mtoto kimoyomoyo, kisha humpulizia kifuani. Akampulizia. Ameridhia. Kisha akanigeukia na bakuli.

"Haya, wewe."

"Mwenye mtoto ni wewe, shemeji."

"Mimi nimetoa ya upande wa mama. Nani alimlisha? Nani alimsomesha? Manamba, ulitaka nikukatalie wewe ujifiche mgongoni kwangu, kama kuku anayekimbia mvua?"

Binti alikuwa bado amepiga goti, kifua kimelowa. Akasema taratibu, "Baba, hujasema kitu mpaka leo. Hata hapana hujasema."

Nikapokea bakuli. Nikajaza mdomo. Nikamtazama shingo yake, shingo ya mama yake ile ile, nikaona mlango wa nyumba yangu jioni na hakuna anayeniuliza nimekula nini. Maji yakashuka. Nimeyameza yote.

Halafu shemeji akapiga paja. "Jamani! Manamba kanywa radhi ya mwanawe! Mnyamwezi huyu, akipewa maji hajui kazi nyingine!"

Binti akacheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka, sijui yalikuwa ya kicheko au ya nini. Sikumuuliza.

"Jaza tena," shemeji akaniambia. Sasa hakuwa anatania.

Sikujaza kwanza. Nilijijua, kimoyomoyo ningejidanganya. Nikalitoa neno kwa mdomo, wote wasikie: "Nenda, mwanangu. Mimi baba yako nimesema nenda." Sauti ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa yangu. Ndipo nikajaza maji, nikapuliza.

Tukarudi Korogwe jua limepungua makali. Binti alikuwa amefungua dirisha, upepo unamkausha blauzi.

"Uliogopa, baba?"

"Nani, mimi? Funga dirisha, utapata mafua."

Hakufunga. Blauzi ilikauka kabla hatujafika. Mimi usukani bado ulikuwa unaniteleza.