Kofia ya Kapteni na Vidonge Vyako

Mwanangu, mkeo ameniambia. Umeacha vidonge vya presha, eti unajisikia mzima. Daktari amekupima mara mbili, presha iko juu, na wewe unajibu kwamba kipimo chake kibovu. Kaa hapo, na usitazame saa. Kuna siku moja siisahau, na leo utaisikiliza hata kama mama yako alishakusimulia nusu yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa fundi wa ndege kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, kisha wakubwa wakakubali nijaribu urubani. Mwalimu wangu alikuwa Singasinga mmoja mzee, tukimwita Kapteni. Nikishindwa, narudi kusukuma mapipa ya petroli. Na baba alikuwa ameshatangazia kijiji kizima kwamba mwanawe ataruka, kwa hiyo kurudi kwenye mapipa niliona ni aibu kuliko kufa.

Siku hiyo, tukiwa angani, Kapteni alinivika kofia yenye ukingo mrefu ulioshuka hadi machoni. Nje sikuona kitu. Niliona mita za ndege tu, na mishale yake.

"Tupeleke Shinyanga," akasema. "Fuata mishale." Akakunja mikono.

Unatujua sisi Wasukuma. Mtoto hufundishwa kiya na dakama, mashariki na kusini, kabla hajajua kufunga kaptula yake. Mimi nilichunga ng'ombe Maganzo hata kwenye mvua nzito na sikupotea. Basi nikajiona dira ninayo tumboni. Dira ya ndege ilipoanza kuzunguka taratibu, nikaona imeharibika, kwa sababu mwili uliniambia tunakwenda sawasawa, dakama iko mbele yetu. Nikaigonga kioo. Mshale wa kimo nao ukaanza kushuka, nikaugonga nao. Kijana mzima, tena fundi, nagonga vioo! Nikikumbuka natamani nijizabe kofi.

"Kapteni, mita zako mbovu," nikasema.

"Vua kofia."

Nikavua. Mbele yetu ziwa, mwanangu! Maji matupu, kaskazini kabisa, na karibu kiasi kwamba niliwaona wavuvi wakiinama kwenye mitumbwi yao. Kapteni alinyakua usukani akaivuta ndege juu.

Nilitegemea matusi. Hakutukana, na afadhali angetukana.

"Mwili wako si mwongo, kijana," alisema. "Haujui, basi. Lakini hautakwambia kwamba haujui."

Akanirudisha kwenye mapipa msimu mzima wa mvua. Baba hakunilaumu, aliacha tu kupita njia ya sokoni. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na mimi hata Idi yenyewe niliiona mbali.

Kapteni aliponirudisha angani, tuliingia kwenye wingu la kweli. Kofia haikuhitajika. Mwili ulinipigia kelele kwamba tunalalia kushoto, tunaanguka. Mshale ulisema tuko sawa. Niliuma meno, jasho likanitoka hadi viatuni, nikaufuata mshale. Wingu lilipofunguka, uwanja wa Ibadakuli, pale Shinyanga, ulikuwa palepale mshale uliposema.

Sasa wewe, unajisikia mzima! Hata mimi nilijisikia mzima, nikielekea ziwani. Sikio la kufa halisikii dawa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizi sikuzitunga mimi, na nimechoka kukurudia. Nilikuwa na woga wa kuonekana mjinga, na wewe una woga wa kuonekana mgonjwa. Ni ujinga uleule, ila wako una abiria. Mkeo, Mama Neema, alikuja hapa jana akilia, amembeba Neema mgongoni.

Nasaha yangu ni fupi. Kipimo kikisema jambo usilolihisi, usikigombeze kipimo. Ukikitilia shaka, kapime kwingine, lakini vidonge umeze huku ukienda. Moyo wako usiuulize. Haujui, na hautakwambia.

Mungu akuzidishie siku, mwanangu. Akukuzie Neema mbele ya macho yako, na akutue taratibu, ukiwa mzee mwenye kelele kama mimi. Haya, maji haya hapa. Meza nikuone.