Koti la Bwana wa Maktabani

Mkahawa nilimokuwa nikihudumia meza, kule Silicon Oasis, Uarabuni, ulipambwa mfano wa maktaba ya Kiingereza. Madam, mwenye mkahawa, alitaka picha moja kubwa juu ya rafu: bwana wa karne ya kumi na tisa ameketi katikati ya vitabu vyake. Alikuwa karibu kuagiza ya kuchapishwa. Mdomo ukaniponza.

"Madam, mimi naweza kuichora. Kwa rangi za mafuta."

Sikusomea kuchora. Nilijifunzia kwenye simu, na ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kumaliza picha hata moja. Nikiona kosa dogo, nafuta yote. Madam alinipa mpaka Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Nikishindwa, ananunua ile ya kuchapishwa, nami nabaki mhudumu aliyejigamba.

Vitabu vilikubali. Uso nao, baada ya kunikondesha, ukakubali. Koti jeusi ndilo lililoniliza. Kwenye picha ya simuni niliyokuwa nikiiiga lilikuwa doa tu la giza, na kila nilipolipaka, yule bwana alionekana kama kichwa kilichowekwa juu ya gunia la makaa. Nalikwangua, naanza upya.

Mwenzangu wa chumbani, dada wa Mombasa, alikuwa akinitazama kutoka kitandani kwake.

"Babu wa watu wamvua nguo kila siku. Huoni haya?"

"Dada, sijui nyeusi inachorwaje."

"Hujui nyeusi, nami navaa buibui mbele yako kila asubuhi?"

Akalivaa, akaketi kando ya dirisha, akajiegemeza kitajiri na kukunja uso. Nikacheka, kisha nikaona. Begani palikuwa na buluu. Gotini, kahawia. Nyeusi yenyewe ilijificha ndani ya mikunjo tu. Nikapaka bila kuinua kichwa, na koti likapata mwili ndani yake. Nilipotaka kurekebisha kola, akaninyang'anya brashi.

"Khalas! Mwache babu akae."

Alhamisi madam alisimama mbele ya picha, akaikagua kona hadi kona. Sikuweza kuvumilia, nikaanza kumwonyesha makosa, sikio, kola, kidole gumba. Akainua mkono ninyamaze.

"Jina lako mbona silioni?"

"Niliogopa, madam."

"Liandike. Kisha tuitundike."

Nikachovya brashi kwenye nyekundu na kuandika jina langu, la baba na la babu yangu, wateja wakitazama, na sikufuta hata herufi moja.