Felosipu ya Alhamisi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Otonglo, mimi fundi wa injini za meli pale bandarini Kisumu, mke wangu nesi katika hospitali ya mjini. Kila Alhamisi jioni, akitoka kazini, alikuwa akienda felosipu. Ndivyo alivyoniambia, na kwetu mtu akisema felosipu hakuna haja ya kuuliza zaidi: ni sebule ya jirani, viti vya kuazima, maombi, nyimbo na chai.

Lakini mimi nina masikio. Mtu aliyetoka felosipu hurudi nyumbani koo limekauka kwa kuimba. Wangu alirudi kama mtu aliyenyamaza jioni nzima. Tena alivaa viatu vya visigino. Nani anaenda kupiga magoti na visigino? Siku moja nikamuuliza mlisoma mstari gani. Akanijibu upesi, bila hata kuinua macho kutoka kwenye sufuria ya omena. Upesi huo ndio ulionikosesha amani kabisa.

Nikamwendea mama mmoja jirani, kiongozi wa hiyo felosipu, nikajifanya napita tu.

"Mama, mke wangu hawasumbui huko?"

"Mkeo? Yawa, Baba, si tulidhani amehama kanisa! Hatujamwona tangu Pasaka."

Damu ikanichemka. Kama kuna mwanamume, nikasema, nitamjua mpaka meno yake. Alhamisi iliyofuata nilisingizia tumbo kazini, nikajibanza ng'ambo ya lango la hospitali. Akatoka na visigino vyake, ko ko ko, mpaka jumba moja la ghorofa karibu na stendi ya basi. Nikapanda ngazi nyuma yake kwa kunyata. Nilipofika juu alikuwa ameshaingia chumbani na mlango umefungwa. Mlangoni pamebandikwa karatasi, na neno ni lile lile kwa Kizungu: felosipu. Ndani kulikuwa na sauti za wanaume. Mmoja akacheka.

Nilikuwa nimeinua ngumi nigonge, mama mmoja wa makamo mwenye miwani akatoka chumba cha pili.

"Bwana, usiingie. Kuna mtu anahojiwa."

"Anahojiwa? Hii ni felosipu gani isiyo na nyimbo?"

"Si ya maombi, hii. Ni ufadhili wa masomo. Anayefaulu anapelekwa ng'ambo mwaka mzima, kila kitu kimelipwa. Huyu nesi amekuwa akija hapa kila Alhamisi, anapekua magazeti na vijitabu vya vyuo akitafuta nafasi. Leo ndiyo leo yake. Wewe ni nani wake?"

Hapo ikanijia. Miaka miwili nyuma alipata nafasi ya kusomea Nairobi, miezi sita tu. Wenye chuo wakataka idhini ya mume. Nikakataa. Nani angenipikia? Hakulia, hakununa, wala hakutaja masomo tena. Mimi nikadhani yameisha.

Yule mama akashusha sauti. "Ni shemeji yake, siyo? Poleni sana. Alitueleza mumewe alizama ziwani."

Alizama! Mimi! Mimi niliyejua kuogelea kabla ya kujua kuvaa suruali! Kumbe mwanamke akiombwa idhini ya mume anaweza kumzika mume, mambo yakaisha.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni mdogo wa marehemu."

Hilo likaharibu zaidi. Mama akavua miwani, akanikagua kuanzia viatuni. Sasa yeye ndiye aliyenishuku.

"Umekuja kumrithi, au umekuja kumzuia? Nawajua nyinyi. Juzi tu shemeji wa mjane mwingine alikuja kupiga kelele hapa kwamba mwanamke ni wa ukoo, haendi popote. Wakubwa hawataki fujo. Nafasi ikapewa mtu mwingine siku hiyo hiyo. Kama mna pingamizi, sema sasa, kabla hawajamaliza."

Ningesema tu niko hai, huyu ni mke wangu. Ingetosha. Nyuma ya mlango nilimsikia akiongea Kiingereza haraka, bila kukwama popote, na wale wanaume wakimsikiliza. Nyumbani kwangu haongei hivyo. Hasira bado ilikuwa imenikaba, sitasema uongo. Niliona aibu pia, na sikujua ipi ni kubwa. Ndani viti vikasukumwa. Walikuwa wanainuka.

"Haya," mama akasema. "Huyo marehemu angesemaje?"

"Marehemu hangekataa," nikasema, nikashuka ngazi kabla mlango haujafunguliwa.